Mark Sykes: Mkatoliki Aliyechora Mstari Juu ya Nchi za Watu



Vijana wenzangu, leo nawaletea maisha ya mtu ambaye si mtakatifu wa altare. Alikuwa Mkatoliki kama mimi na wewe, tajiri kupindukia, mbunge wa Uingereza, afisa wa jeshi, mume na baba wa watoto sita. Alikufa hajafikisha miaka 40. Jina lake limebaki katika vitabu vya historia kwa sababu ya mstari aliouchora kwenye ramani, na mstari huo unalaumiwa mpaka leo.

Kabla sijaanza habari zake, niungame kwanza za kwangu.

Nikiwa kwenye mwaka wa uchungaji, paroko alinipa kazi ya kupanga upya jumuiya ndogo ndogo, maana nyingine zilikuwa zimejaa hadi watu wanasali wamesimama nje ya nyumba. Nikafungua ramani kwenye simu, nikakaa nayo jioni mbili, nikagawa. Barabara kubwa nikaifanya mpaka: wa upande huu huku, wa upande ule kule. Safi kabisa. Nikachapa, nikabandika kwenye ubao wa matangazo, na kwa kweli nilijiona mtu wa maana.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa ya pili, bibi mmoja alinisubiri chini ya mwembe. Hakugomba. Aliniita frateri, mwanangu, akanieleza kwamba watu wa ng'ambo ya barabara ndio waliomsaidia kumzika mume wake, na ndio wanaomchotea maji akiumwa. Jumuiya niliyompeleka mimi ina familia ambayo wana kesi ya shamba nayo miaka mingi. Kisha akaniuliza kama nimewahi kufika kwake. Sikuwa nimefika.

Usiku ule nilimkumbuka Mark Sykes. Nilikuwa nimesoma habari zake nikiwa falsafa, nikazipita kama historia ya Wazungu tu. Safari hii nilizisoma tena nikiwa na aibu yangu mkononi.

Mtoto wa jumba kubwa

Jina lake kamili ni Tatton Benvenuto Mark Sykes. Alizaliwa London tarehe 16 Machi 1879. Baba yake, Sir Tatton Sykes, alikuwa baroneti, yaani mwenye cheo cha kurithi cha kuitwa Sir. Alimiliki zaidi ya ekari 30,000 za ardhi huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, pamoja na jumba la Sledmere na farasi wa mbio waliosifika nchi nzima. Mzee huyu alikuwa na tabia za peke yake. Alivaa makoti kadhaa, moja juu ya jingine, akawa anayavua moja moja kadiri mwili unavyopata joto. Maua aliyachukia. Hata hivyo alitoa fedha nyingi kujenga na kukarabati makanisa ya Kianglikana katika vijiji vya kwao.

Mama yake, Jessica, aliolewa akiwa na miaka 18, mume akiwa na miaka 48. Ndoa haikuwa na furaha. Mwaka 1882 mama huyu alipokelewa katika Kanisa Katoliki, akaingia pamoja na mwanawe, ambaye alikuwa na miaka 3 tu. Kwa hiyo imani ya Mark ilitoka kwa mama. Na mama huyohuyo ndiye aliyemuumiza sana. Alikunywa kupita kiasi, alicheza kamari, alikopa huku na huku, mpaka mume akatangaza magazetini kwamba hatalipa tena madeni ya mkewe.

Mwaka 1898 mambo yakafika mahakamani London. Mkopeshaji mmoja alileta hati za deni zenye sahihi ya Sir Tatton, naye Sir Tatton akasema sahihi hizo si zake. Mark, kijana wa miaka 18, akasimamishwa kutoa ushahidi, baba upande huu na mama upande ule, magazeti yakiandika kila neno. Mahakama ikaona kwamba sahihi zilighushiwa. Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mmekulia katika nyumba za namna hiyo, hata kama hamna ekari hata moja. Utajiri haumkingi mtoto na ugomvi wa wazazi.

Alisomeshwa na Wajesuiti huko Beaumont karibu na Windsor, kisha akasoma Monaco na Brussels. Baadaye akaingia Jesus College, Cambridge, akatoka bila digrii. Si kwamba hakuwa na akili. Alikuwa na akili ya moto: anachora vikatuni, anaigiza sauti za watu mpaka mezani wote wanashika mbavu, anaandika haraka, anaamua haraka. Ila masomo yake yalikatwakatwa, kwa sababu tangu utotoni baba yake alimchukua kwenye safari ndefu za Misri, Palestina, Syria na nchi nyingine zilizokuwa chini ya Dola ya Osmani, yaani dola ya Waturuki.

Safari, na dharau

Safari zile zilimfanya aipende Mashariki. Alipokuwa mkubwa alirudi mwenyewe, akapanda farasi majangwani na milimani, akalala kwenye mahema, akaandika vitabu. Kati ya safari hizo aliingia jeshini na kupigana Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, kuanzia 1900 hadi 1902. Baadaye alifanya kazi katika ubalozi wa Uingereza mjini Constantinople, ambao leo ni Istanbul. Watu wa London wakaanza kumwona kama mtaalamu: ukitaka kujua habari za Waturuki na Waarabu, muulize Sykes.

Hapa pana tatizo ambalo sitaki tulipite. Mtaalamu huyu hakuwahi kukijua Kiarabu vizuri. Alisafiri na wakalimani na watumishi. Na katika vitabu vyake vya ujanani aliandika kuhusu watu wa huko kwa dharau: Waarabu wa mijini aliwabeza, Wayahudi aliwasema vibaya, na Waarmenia, ambao ni Wakristo, aliwachukia waziwazi. Alipenda nchi, magofu, farasi na jua la jioni. Watu wenyewe walikuwa kama sehemu ya mandhari.

Yaani unaweza kukaa mahali miaka mingi, ukapiga picha nyingi, ukasimulia vizuri, na bado hujamsikiliza mtu hata mmoja mpaka mwisho.

Mume, mbunge, mwenye ardhi

Mwaka 1903 alimwoa Edith Gorst, binti Mkatoliki wa mwanasiasa Sir John Gorst. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake iliyotulia. Yeye aliyekulia katika ugomvi alijenga nyumba yenye upendo na watoto sita. Tusipite haraka hapo. Kuna watu wanafikiri aliyeumia utotoni lazima naye aumize. Si lazima.

Aligombea ubunge mara mbili mwaka 1910 kwa chama cha Conservative, akashindwa mara zote mbili. Mwaka 1911 akashinda jimbo la Hull ya Kati. Mwaka huohuo, mwezi Mei, jumba la Sledmere liliungua. Wanakijiji na watumishi walikimbizana kutoa picha, vitabu na samani, huku mzee Sir Tatton, kama inavyosimuliwa, akikataa kuondoka mezani kabla hajamaliza pudini yake. Mark alilijenga upya jumba lile, akaweka ndani yake chumba cha Kituruki chenye vigae vya rangi vilivyoagizwa kutoka Kütahya, mji wa wafinyanzi huko Uturuki. Vigae hivyo vilitengenezwa na karakana ya fundi Mwarmenia aitwaye David Ohannessian. Shikeni jina hilo, tutakutana nalo tena.

Baba alipofariki mwaka 1913, Mark akarithi cheo, ardhi na jumba.

Sasa nataka muone kazi moja aliyoifanya vizuri. Kwenye vilima vya Yorkshire kulikuwa na vijana wengi walioendesha magari ya farasi mashambani. Sykes, ambaye alikwishaona vita, alijua kwamba vita vikija jeshi litakosa watu wa kuendesha magari ya mizigo. Basi akawaandikisha vijana hao, zaidi ya 1,000. Kila mwendeshaji alipewa pauni 1 kwa mwaka ili awe tayari kuitwa. Wakawa na mashindano ya kuendesha magari pale Sledmere, watu wakija kutazama na kushangilia. Vita vilipoanza Agosti 1914, wengi waliitwa wakiwa katikati ya mavuno. Ndani ya siku chache walikuwa njiani kwenda Ufaransa, bila mafunzo marefu ya kijeshi, kwa sababu kazi waliyoitiwa waliijua tangu utoto. Wengine hawakurudi.

Vita ni vita, sitaki kuipamba. Lakini angalieni jinsi wazo lile lilivyozaliwa. Sykes aliwajua vijana wale. Aliwaona shambani, alijua mikono yao inaweza nini, alizungumza nao kwa lugha yao. Mpango wake ulifanya kazi kwa sababu ulianzia kwa watu.

Mstari

Sykes mwenyewe alikuwa kamanda wa kikosi cha wanajeshi wa akiba wa Yorkshire. Mwaka 1915 kikosi hicho kilikwenda Ufaransa bila yeye. Alibakizwa London, Wizara ya Vita, kwa waziri Lord Kitchener, kwa sababu ya ule utaalamu wake wa Mashariki. Dola ya Osmani ilikuwa imeungana na Ujerumani, na wakubwa wa Uingereza na Ufaransa walitaka kujua: ikishindwa, nani atachukua nini?

Tarehe 16 Desemba 1915 aliitwa kwenye ofisi ya Waziri Mkuu, Downing Street. Alikuwa na miaka 36. Mbele ya wazee wa serikali alifungua ramani, akapitisha kidole kutoka Akka, mji ulioko pwani ya Palestina, hadi Kirkuk, karibu na mpaka wa Uajemi. Kaskazini ya hapo Wafaransa, kusini Waingereza. Wazee wakafurahi. Mtu aliyeongea kwa uhakika namna ile, mwenye jibu tayari, nani angempinga?

Wiki chache zilizofuata alikaa na mwanadiplomasia wa Ufaransa, François Georges-Picot, wakapaka ramani rangi. Bluu kwa Wafaransa, nyekundu kwa Waingereza, kahawia kwa Palestina ambayo ingesimamiwa na mataifa kwa pamoja, na kati yake maeneo mawili ambayo Waarabu wangetawala chini ya kivuli cha mmoja wa wakubwa hao. Mei 1916 serikali mbili zikakubaliana kwa siri, Urusi nayo ikiwa imeridhia. Ndiyo mapatano yanayoitwa ya Sykes na Picot.

Tatizo ni kwamba wakati huohuo afisa mwingine wa Uingereza, kutoka Cairo, alikuwa amemwandikia Sharifu Hussein wa Makka barua zenye ahadi ya uhuru wa Waarabu, wakikubali kuasi dhidi ya Waturuki. Juni 1916 Waarabu wakaasi kweli, wakafa kweli, wakiiamini ahadi ile. Kisha Novemba 1917 likatoka Tamko la Balfour, la kuunga mkono Wayahudi wapate makao ya kitaifa huko Palestina, na Sykes alikuwa mmoja wa waliolisukuma sana. Ardhi moja, ahadi tatu. Ni kama mtu anayeuza kiwanja kimoja kwa wanunuzi watatu, tena kiwanja chenyewe si chake.

Je, alikuwa mwongo? Nimelifikiria hili mara nyingi, na jibu langu ni hapana, si mwongo wa kukusudia. Aliamini kabisa kwamba Waarabu, Wayahudi na Waarmenia wangeishi pamoja kwa amani chini ya uangalizi wa Uingereza, na kwamba yeye ni rafiki wa wote. Aprili 1917 alipita Roma, akazungumza Vatikano na Monsinyori Eugenio Pacelli, ambaye baadaye akawa Papa Pius XII, na akampigia magoti Papa Benedikto XV. Alieleza habari za mahali patakatifu pa Yerusalemu, akafungua njia ili kiongozi wa Wazayuni, Nahum Sokolow, naye apokelewe na Papa mwezi uliofuata. Papa huyo Benedikto ndiye yuleyule aliyewatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa wenyeheri mwaka 1920. Kwa hiyo msidhani tunazungumza habari za mpagani fulani. Huyu alikuwa mtu wa Misa, mwenye nia njema. Nia njema ndiyo inayonitisha katika habari hii.

Novemba hiyohiyo ya 1917 Wabolsheviki walipotwaa madaraka Urusi walifungua makabati ya serikali ya zamani, wakakuta mapatano yale ya siri, wakayachapa kwenye magazeti. Dunia nzima ikasoma, na Waarabu waliokuwa vitani nao wakasikia.

Tuwe wakweli kuhusu mstari wenyewe. Mipaka ya leo ya Syria, Iraq, Jordan na Lebanoni haifuati ramani yake hatua kwa hatua. Mingi ilichorwa baada ya yeye kufa, na wengine, kwenye mikutano mingine. Mosul kwa mfano, ambayo yeye aliiweka upande wa Wafaransa, leo iko Iraq. Lakini namna ya kufanya ilikuwa ileile: chumba, ramani, wageni wachache, na wenye nchi hawapo. Sisi wa huku tunaijua namna hiyo. Mstari wa Waingereza na Wajerumani kutoka Ziwa Victoria hadi pwani, ule unaopinda kwenye Kilimanjaro, uliwaacha Wamasai pande mbili bila mtu kuwauliza.

Alirudi kuona

Kama habari ingeishia hapo nisingeiandika. Kufikia 1918 Sykes mwenyewe alikuwa ameanza kusema kwamba mapatano yake yamepitwa na wakati. Na vita vilipokwisha alifanya jambo ambalo wachora ramani wengi hawalifanyi. Aliacha ofisi, akaenda.

Mwishoni mwa 1918 alizunguka Palestina na Syria, akafika Aleppo. Mji ulikuwa umejaa mabaki ya Waarmenia. Kuanzia 1915 serikali ya Osmani iliwafukuza makwao, ikawaswaga majangwani, na mamia ya maelfu waliuawa au kufa kwa njaa na kiu. Waliosalia walikuwa Aleppo, wakiwa wajane, yatima na watu waliopoteza kila kitu. Sykes, yule aliyewadharau Waarmenia kwenye vitabu vya ujanani mwake, sasa alikuwa katikati yao, akihangaikia wakimbizi na kujaribu kuwapatanisha na majirani zao Waarabu. Alikuwa mgonjwa wa tumbo, akila kidogo sana, akikonda wiki hadi wiki.

Humo ndimo alimokutana na David Ohannessian. Fundi yule wa Kütahya, ambaye vigae vyake vilikuwa ukutani Sledmere, alikuwa amefukuzwa kwao pamoja na familia yake, akawa mkimbizi Aleppo. Sykes akampendekeza kwa Waingereza waliokuwa wakitawala Yerusalemu, ambao walihitaji fundi wa vigae kwa ajili ya ukarabati wa Kuba ya Mwamba. Ohannessian akaenda, akafungua karakana, akawafundisha kazi Waarmenia wengine waliokimbia. Ufinyanzi wa Kiarmenia wa Yerusalemu upo mpaka leo, na ukitembea mji wa kale utaona vigae vya rangi vilivyoandikwa majina ya mitaa.

Mimi jambo hili limenigusa kuliko yote. Alishughulika na mataifa miaka mitatu akaacha vurugu. Alipomshika mkono mtu mmoja, mwenye jina, mwenye mke na watoto, mwenye ufundi wake, kazi ile imedumu zaidi ya miaka 100.

Paris

Mwanzoni mwa 1919 alifika Paris, kwenye mkutano wa amani, akiwa amechoka na mwenye mashaka kuhusu mengi aliyoyapigania. Mafua ya Hispania, ugonjwa ulioua mamilioni ya watu duniani, ulikuwa bado unapita. Mkewe Edith aliugua, kisha yeye. Jumapili tarehe 16 Februari 1919 alifariki hotelini, Hôtel Lotti. Kilibaki mwezi mmoja atimize miaka 40. Watoto sita wakabaki na mama.

Alizikwa kwao Sledmere katika jeneza lililozungushiwa bati la risasi. Mwaka 2008, kwa ruhusa ya familia na ya Kanisa la Anglikana, wanasayansi walifungua kaburi lake wakitafuta mabaki ya virusi vya mafua yale, ili wajifunze namna ya kupambana na magonjwa yajayo. Jeneza lilikuwa limepasuka, ila walichukua vipande vidogo vya mwili kwa uchunguzi. Baada ya hapo wakamlaza tena.

Pale kijijini kuna minara miwili. Mmoja aliubuni Sykes mwenyewe kwa ajili ya waendesha magari ya farasi, umechongwa pande zote picha za vijana wakitoka kwenye mavuno kwenda vitani. Mwingine ni msalaba mkubwa uliojengwa na baba yake. Mark aliuwekea sanamu bapa za shaba za wenyeji waliokufa vitani, nafasi moja ikabaki wazi, na alipofariki akawekwa yeye. Amevalishwa kama askari wa vita vya msalaba, nyuma yake mji wa Yerusalemu, na chini ya miguu yake amelala Mwislamu. Waliomwekea picha ile walidhani wanamheshimu. Mimi naona walimrudisha kwenye dharau ya ujana wake. Laiti wangemchonga Aleppo, amekonda, amekaa chini na wakimbizi.

Basi sisi?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba busara hushuka kwa ngazi. Kuna kukumbuka yaliyopita, kuelewa yaliyopo, kuwa mwepesi wa kuona yatakayotokea, kupima hoja, na kuna usikivu, yaani utayari wa kufundishwa na wengine, hasa wazee. Anayeruka ngazi, akasukumwa na matakwa yake tu, huyo ana dhambi ya papara. Wahenga wetu wamelisema kwa kifupi: haraka haraka haina baraka. Sykes alikuwa na kumbukumbu, alikuwa na wepesi. Ngazi aliyoiruka ni ya usikivu, kwa sababu tangu ujana watu walimsikiliza yeye.

Usiseme wewe huna ramani. Ukiwa mwenyekiti wa VIWAWA au TYCS unayo. Ukiwa kaka mkubwa unayewaamulia wadogo zako unayo. Ukiwa na simu na kundi la WhatsApp ambamo unamhukumu mtu hujawahi kukaa naye, unayo ramani na kidole kiko juu yake. Na sisi waseminari ndio tusijidanganye kabisa. Kesho tutapewa parokia nzima.

Kristo hakutukomboa kwa kutazama kutoka juu. Alishuka, akakaa Nazareti miaka 30 kabla hajahubiri.

Wiki ile nilikwenda kwa paroko nikamwomba niubandue ule mpango ubaoni. Alinitazama kidogo, akacheka, akanipa katekista mmoja mzee wa kutembea naye. Tulizunguka nyumba kwa nyumba wiki tatu. Mpaka mpya umepinda kama nyoka, kwenye ramani ni mbaya kweli, na kuna jumuiya moja bado inanilalamikia. Bibi wa mwembeni anasali na majirani zake.

Wiki hii jiulize mambo mawili. Ni nani nimemwamulia jambo bila kufika kwake? Na kama nimekwisha kukosea, je, niko tayari kurudi kuona, hata kama siwezi kurekebisha yote?

Na tumwombee Mark Sykes, ndugu yetu katika imani, Mungu amhurumie. Tuwaombee Wasyria, Walebanoni, Wairaki, Wapalestina, Waisraeli, Wakurdi na Waarmenia, ambao bado wanaishi na matokeo ya ramani za wengine.

Ee Bwana, uzuie kidole changu kabla miguu yangu haijafika. Unipe sikio la kufundishwa na wadogo. Na pale nilipokwisha kuumiza, unipe ujasiri wa kurudi. Amina.

Tuombeane.